Kalamu ya Mhariri na Ulimi wa Balozi

Mhariri hulaumiwa kwa alichoficha. Balozi hulaumiwa kwa alichofichua. Mtu aliyeshika kazi zote mbili, kisha akaandika maisha yake mwenyewe, hana budi kupimwa kwa mizani zote mbili. Ndivyo ipasavyo kusomwa kumbukumbu za marehemu Benjamin William Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, zilizochapwa kwa Kiingereza mwaka 2019 kwa jina la My Life, My Purpose, miezi michache kabla ya kufariki kwake Julai 2020.

Habari za safari yake zajulikana. Alisoma Kiingereza Makerere, akahitimu mwaka 1962. Mwaka 1966 alishika uhariri wa The Nationalist, gazeti la TANU, na mwaka 1972 uhariri wa Daily News, gazeti la serikali. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere. Mwaka 1976 aliongoza shirika jipya la habari, Shihata, na mwaka huohuo akapelekwa Nigeria kuwa Balozi. Mwaka 1977 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje; baadaye akaiwakilisha nchi Canada na Marekani, na mwaka 1984 akarudi katika wizara ileile.

Yaelekea msomaji atadhani kwamba hapa mtu aliacha kazi moja akaingia nyingine. Dhana hiyo haifai. Mwaka 1971 Frene Ginwala, mhariri wa The Standard, gazeti lililokwisha kutaifishwa, aliondolewa kazini baada ya gazeti hilo kumshutumu Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa rafiki wa serikali. Katika Dar es Salaam ya siku zile, basi, meza ya mhariri ilikuwa tayari chumba kimoja cha ubalozi. Aliyejifunza uandishi mahali hapo alijifunza pia kupima ni neno gani litamfikia mgeni, na kwa sauti gani.

Malezi hayo yaonekana katika kitabu. Mkapa alipoingia madarakani mwaka 1995, alitangaza wito wa Ukweli na Uwazi. Huo ni wito wa mhariri, nao wamfunga aliyeutoa. Kitabu chautimiza wito huo kwa uzito zaidi kinapofika kwenye mauaji ya waandamanaji Zanzibar, Januari 2001, ambapo watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Hapo mwandishi akubali kwamba jambo hilo ni doa katika utawala wake. Viongozi wastaafu ni wachache wanaokubali hata kiasi hicho. Lakini katika habari za ubinafsishaji na mitaji ya kigeni, ulimi wa balozi hurudi: sera hutetewa kwa jumla, na kasoro hukiriwa kwa kiasi.

Tofauti hii si ya mtindo tu. Chukua msomaji wa Kagongwa, katika wilaya ya Kahama, ambako malori hupita kuelekea Rwanda na Burundi na mashine hukoboa mpunga. Upande wake wa nchi ndiko uliko Bulyanhulu, mgodi ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001 chini ya Sheria ya Madini ya 1998, iliyoweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Wachimbaji wadogo walikwisha kuondolewa hapo mwaka 1996, na madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali. Msomaji huyu hahitaji kusifiwa sera wala kutukaniwa mtawala. Ahitaji kuelezwa nani aliamua, kwa hoja gani, na nini kilipimwa kabla ya kutia sahihi. Hayo ndiyo maswali ambayo mhariri wa 1966 angemfundisha mwandishi wake kijana kuyauliza.

Tena msomaji huyo ahitaji kuyasoma kwa Kiswahili. Kumbukumbu za kiongozi zinapotokea kwanza katika lugha ya mabalozi, waliotawaliwa huwa ni wasikilizaji wa pili wa habari zao wenyewe.

Kitabu hiki, basi, kistahili kusomwa vyuoni kwa makini na bila ya unyenyekevu. Thamani yake ni kubwa mahali ambapo mhariri amemshinda balozi. Na mahali ambapo balozi ameshinda, kazi ya mhariri yawabakia wasomaji.