Mkubwa wa Dunia ni Yule Anayejilipia Vita Vyake



Kila vita vikizuka, mazungumzo yetu huku ughaibuni huwa ni yale yale: fulani ana ndege ngapi, ana makombora mangapi, ana manowari ngapi. Mwenye nyingi ndiye mkubwa, basi, yamekwisha. Mimi hesabu hiyo siikubali, na leo nataka kuihakiki kwa kurudi kwa msomi aliyelipa umaarufu jina lenyewe.

Mwaka 1944 mwanazuoni wa Kimarekani William T. R. Fox alichapisha kitabu kiitwacho The Super-Powers. Aliwahesabu wakubwa wa dunia watatu: Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza. Kipimo chake, kwa maneno yangu mimi, kilikuwa ni nguvu nyingi pamoja na uwezo wa kuzipeleka mbali. Kwa mwaka ule kipimo hicho kilikuwa na mantiki. Uingereza ilikuwa na majeshi Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakateremka bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Sasa ukiweza kumtoa kijana pwani ya Afrika ukampiganisha na Mjapani Burma, nani atakwambia mkono wako ni mfupi?

Tatizo ni kwamba Fox alipima urefu wa mkono, hakuuliza nani anaulisha. Kufikia mwaka 1941 Uingereza ilikuwa imeishiwa na fedha za kigeni za kununulia silaha. Marekani ikaanzisha mpango wa Lend-Lease mwezi Machi mwaka huo, ikawa inatoa silaha, mafuta na chakula bila kudai fedha taslimu. Upande wa pili, Uingereza ilikuwa ikichukua bidhaa na huduma katika nchi ilizozitawala au kuzishika, na kuandika deni London. Vita vilipokwisha India peke yake ilikuwa inaidai zaidi ya pauni bilioni 1, na Misri kiasi cha pauni milioni 400. Yaani bwana alikuwa mdeni wa watumishi wake! Desemba 1945 ikabidi akope tena Marekani, dola bilioni 3.75, na malipo ya mwisho ya deni hilo yalifanywa mwishoni mwa mwaka 2006. Wale wenzetu tuliokuwa tukikatwa kodi Uingereza miaka hiyo, basi na sisi tumelichangia bila ya kujua.

Mtihani ulikuja Suez. Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha mfereji. Tarehe 29 Oktoba Israel ikaingia Sinai, na tarehe 5 Novemba askari wa miavuli wa Kiingereza na Kifaransa wakashuka Port Said. Tuseme ukweli, kijeshi walishinda. Ndege nyingi za Misri zilikuwa zimeshaharibiwa zikiwa ardhini, na mji ukakamatwa.

Lakini huku London pauni ilikuwa inakimbiwa. Harold Macmillan, Waziri wa Fedha, ambaye mwanzo alikuwa mkali kuliko wengi katika kutaka vita, sasa ndiye aliyewaambia wenzake kwamba akiba inayeyuka. Serikali ya Eisenhower ilikataa kuwasaidia kuchota fedha IMF mpaka vita visimame. Na mafuta je? Nasser alikuwa amezamisha meli ndani ya mfereji, bomba la mafuta linalopita Syria limelipuliwa, na Saudi Arabia imekataa kuwauzia. Usiku wa tarehe 6 Novemba, siku moja tu baada ya miavuli kushuka, vita vikasimamishwa. Kabla ya Krismasi majeshi yalikuwa yameshaondoka, na Desemba hiyo hiyo IMF ikaidhinisha dola bilioni 1.3. Januari 1957 Waziri Mkuu Anthony Eden akajiuzulu. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Linganisheni na Vietnam. Marekani ilipoteza askari zaidi ya 58,000, na tarehe 30 Aprili 1975 Saigon ikaanguka. Ni fedheha. Vita vile vilitikisa hata sarafu yake, mpaka Nixon mwaka 1971 akasitisha kuibadilisha kwa dhahabu. Lakini hakuna mkopeshaji aliyeiambia Washington "toka leo, ama hupati kitu." Ilitoka kwa kuchokwa na wananchi wake wenyewe, na kesho yake ikaamka bado ni mkubwa wa dunia. Aliyeshinda Port Said alitoka mdogo, aliyeshindwa Saigon akabaki mkubwa. Kipimo cha Fox hakiwezi kutueleza jambo hilo.

Mtu ataniuliza: mbona Wasovieti nao walipokea Lend-Lease, malori kwa maelfu? Kweli. Lakini vifaru vyao vingi walivitengeneza wenyewe, baada ya kuhamishia mashariki viwanda zaidi ya 1,500 mwaka 1941. Baadaye wakafikia kununua ngano nje, hata kwa hasimu wao Marekani, na dola yao ilipovunjika mwaka 1991 maelfu ya makombora ya nyuklia yalikuwa bado yamo ghalani.

Sisemi silaha si kitu, wala sisemi fedha peke yake inatosha. Japani ya miaka ya 1980 ilikuwa tajiri, na ulinzi wake ukiutegemea mwavuli wa Marekani. Ninachosema ni kwamba vikija vita vyengine, kabla hamjaanza kuhesabu makombora, ulizeni kwanza: nani anauza mafuta yao, nani anashika madeni yao, na nani wa nje anaweza kuwaambia "basi" wakatii.

Na sisi tusijifanye watazamaji tu. Ukubwa ule wa mwaka 1944 ulisimama juu ya migongo ya watu kama babu yangu na juu ya madeni ya Wahindi na Wamisri, na Fox aliuandika wote kwa jina la Uingereza.

Nakaribisha kukosolewa, hasa na wachumi, maana mimi fani yangu ni historia.