Mizunguko Sita ya Waya

Aliyewahi kuishi hosteli na jiko la koili hahitaji kufundishwa fizikia hii. Koili ikikatika, mtu huchomoa plagi, akazivuta zile ncha mbili, akazisokota pamoja na kuirudisha koili kwenye mfereji wake wa udongo. Jiko linawaka, tena kuliko mwanzo. Chai inachemka upesi na mwenye jiko anajisifu. Wiki haijaisha, koili imekatika tena, safari hii mahali pengine. Waya umefupika, ukinzani umepungua, mkondo wa umeme umeongezeka, na joto limepita kiwango ambacho waya ule ulipimiwa.

Waya huohuo, au nduguye wa karibu, ndio ulio ndani ya sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wa mjini wanaiita vepu. Huwa ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Albert Marsh alipewa hataza yake Marekani mwaka 1906, au huwa ni Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini uliobuniwa na Hans von Kantzow huko Hallstahammar, Sweden. Koili ya jiko ukiinyoosha ni mita kadhaa. Hii ya vepu mara nyingi haifiki sentimita nane. Na wapo watu ambao hukaa na sentimita hizo nane, kibano mkononi na macho yameinama, mpaka zikae sawasawa. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Niseme mapema kwamba sivuti, wala simshawishi mtu avute. Nikotini ikishakushika haikuachii kwa urahisi, na Uganda iliamua kuzipiga marufuku sigara hizi katika sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya 2015. Siwezi kuilaumu. Lakini kazi nzuri ya mikono huwa inanivuta popote inapokuwa, na hii ni kazi nzuri.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu fundi huyu hana pa kuanzia. Wati ni volti ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa omu, yaani kwa ukinzani wa waya. Msingi wake aliuchapisha Georg Ohm huko Berlin mwaka 1827. Chukua koili ya omu 2. Ukiipa volti 4 inatoa wati 8. Ukiipa volti 5, asiyejua atakisia wati 10, kumbe ni 12.5. Umeongeza volti kwa robo, joto limepanda kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana kitufe cha volti hupandisha kwa sehemu moja ya kumi ya volti, na ndiyo maana mtu mwenye pupa huiunguza pamba iliyo ndani ya koili, ile inayoiletea kimiminika cha kugeuzwa mvuke, kabla hajajua kosa liko wapi.

Zamani kidogo kitufe chenyewe hakikuwepo. Hon Lik, mfamasia wa Shenyang, China, aliyebuni kifaa hiki mwaka 2003, hata koili hakuitegemea mwanzoni: alitumia mtetemo wa sauti isiyosikika na sikio ili kukivunjavunja kimiminika kiwe ukungu. Waya wa moto ulikuja baadaye ukashinda, kwa sababu ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kubadilisha. Ila ulikuja na taabu yake. Betri ya lithiamu iliyojaa hutoa volti 4.2, na kadiri inavyotumika hushuka hadi 3.4 au chini zaidi. Koili ya omu 1.3 inayopata wati 13.6 asubuhi, jioni inapata 8.9 tu. Mvuke unapoa, ladha inafifia, na mvutaji analaumu kimiminika alichouziwa. Vifaa vya kurekebisha volti vilikuja kulitibu hilo. Kulikuwa na betri nyembamba zenye gurudumu dogo kitakoni, limeandikwa namba kutoka 3.2 hadi 4.8, na baadaye vikaja visanduku vyenye chipu na kioo, ambavyo huzishikilia volti palepale ulipozitaka hata betri ikiwa inaelekea kuisha.

Watu wengi huishia hapo: wananunua kichwa chenye koili tayari, wanazungusha gurudumu mpaka ladha iwapendeze, basi. Fundi ninayemsema huanza nyuma ya hapo. Anajiuliza koili yenyewe iwe ipi, ili volti zije kuwa marekebisho madogo ya mwisho tu.

Mteja humwambia, "Fundi, niwekee kali." Swali la kwanza analorudishiwa ni, "Kaka, unavuta pumzi ndefu au fupi?" Linaonekana swali la pembeni, kumbe ndilo linalochagua unene wa waya. Waya wa Kanthal wenye kipenyo cha milimita 0.32 una takriban omu 18 kwa mita. Ili kupata omu 1.3, fundi anahitaji milimita 72 hivi: mizunguko sita juu ya kijiti cha milimita tatu, na kinachobaki ni miguu miwili ya kufungia. Akichukua waya wa milimita 0.40, tofauti ambayo jicho hulikwepa kabisa, ukinzani uleule utamdai milimita 113, na chuma ndani yake kitakuwa karibu mara mbili na nusu. Chuma kingi huchelewa kupata moto. Anayevuta pumzi fupi atabonyeza, atavuta, na kabla koili haijaamka pumzi yake imekwisha. Kwa upande mwingine, waya huo mnene una ngozi kubwa karibu mara mbili, kwa hiyo wati zilezile kumi zinasambaa kwa upole na hakuna sehemu ya pamba inayoonewa. Mwembamba huamka haraka na huchoma kwa ukali; mnene ni mzito wa kuanza lakini mpole. Omu ni zilezile kwenye kioo, na tabia ni mbili tofauti. Hili, kwa maoni yangu, ndilo lililo zuri kuliko yote katika kazi hii, na ndilo ambalo karatasi ya maelekezo ndani ya boksi hailigusi.

Sasa mikono. Fundi huunyoosha waya kwanza, kwa sababu uliotoka kwenye kibunda una kumbukumbu ya kujikunja. Anaubana mwanzo wake kwenye kijiti kwa kidole gumba cha kushoto, kisha mkono wa kulia unauzungusha ukiwa umevutwa kwa nguvu isiyobadilika. Akilegeza katikati, mzunguko wa tatu utakuwa mpana kuliko wa pili, na hilo halitasahihishwa na kibano chochote. Kila mzunguko unalala ubavuni mwa mwenzake. Miguu yote miwili hupitishwa chini ya skrubu, ambazo hukazwa mpaka zishike bila kuukata waya. Skrubu ikilegea, kioo kitamwambia: mara omu 1.3, mara 1.5, mara 1.3 tena. Mabaki ya miguu yanakatwa yasalie mafupi kabisa, kwa kuwa kipande kimoja kikigusa ukuta wa chuma umeme utapata njia ya mkato.

Halafu kinakuja kipande cha kazi ambacho ningeweza kukitazama mchana kutwa. Pamba bado haijawekwa. Fundi anashusha volti chini kabisa na kubonyeza kwa muda mfupi, anaachia, anabonyeza tena. Mara ya kwanza koili huwa na aibu zake zote hadharani: mzunguko mmoja wa pembeni unawaka mwekundu peke yake na mingine imelala, au mguu unang'aa kuliko tumbo. Asiye na subira angepandisha volti. Yeye anachukua kibano chenye ncha za kauri, zisizopitisha umeme, na kukwaruza juu ya mizunguko taratibu, kisha anaiminya pamoja ingali na joto. Anabonyeza. Wekundu umehamia. Anaminya, anabonyeza. Baada ya kurudia hivyo, wekundu unaanza katikati kabisa na kutambaa kuelekea pande zote mbili kwa mwendo mmoja. Unaanza katikati kwa sababu ncha zinapoteza joto kwenye nguzo zilizozishika, na tumbo halina pa kulipeleka.

Kuna jambo hapa lililonichanganya mpaka nilipoelezwa. Ikiwa mizunguko inagusana, kwa nini umeme usiruke kutoka mmoja hadi mwingine na kuupuuza urefu wote wa waya? Jibu ni kwamba kule kuwashwa na kuzimwa kunaipa Kanthal ngozi mpya. Alumini iliyo ndani yake inakutana na hewa kwenye joto na kutengeneza utando mwembamba wa oksaidi, na utando huo haupitishi umeme. Kwa hiyo zile dakika za kubonyeza na kuminya zinaitengenezea koili kinga yake yenyewe, mzunguko kwa mzunguko.

Pamba nayo si ya kubandika tu. Inapitishwa ndani ya koili ikiwa imebana kiasi cha kusitasita kidogo inapovutwa, bila kuikunja koili. Ikibana mno, kimiminika hakipiti. Ikilegea, kinavuja. Ncha zinachambuliwa na kupunguzwa ili zinywe vizuri, zinalowekwa, na ndipo kifaa kinakuwa tayari kwa swali la volti.

Na swali lenyewe hujibiwa kwa sikio kabla ya ulimi. Fundi anaanza chini, tuseme volti 3.3, anabonyeza na kusikiliza. Kimiminika kikitatarika na kurusha matone, joto ni dogo kuliko kinacholetwa na pamba. Anapanda kwa 0.1. Mlio unakuwa laini, wa kuendelea, na mvuke unanyooka. Anapanda tena mara moja au mbili, akiangalia kama pamba inawahi kulowa upya kati ya pumzi na pumzi. Maadamu ina unyevu, joto la koili linazuiwa na kuchemka kwa kimiminika: propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, gliserini kwenye 290, na mchanganyiko wao huwa katikati. Pamba ikikauka, kizuizi hicho hakipo tena, joto linaruka, na koo hupokea ladha ya kitambaa kilichoungua.

Si suala la ladha peke yake. Januari 2015, watafiti wa Portland State University walichapisha barua katika New England Journal of Medicine: kwa volti 3.3 kifaa chao hakikuonyesha dalili ya formaldehaidi iliyofichika ndani ya mvuke, kwa volti 5.0 ilionekana kwa wingi. Wakosoaji walijibu kwamba kwa koili ile volti 5.0 ni moto wa pamba kavu, na hakuna mtu ambaye angeuvumilia mvuke huo mdomoni. Nadhani pande zote mbili zilikuwa zinalizungumzia jambo ambalo fundi hulifanya kila siku kwa kuacha kupandisha. Volti 5.0 peke yake haimwambii kitu. Anataka kwanza kujua ni za koili ipi, ya waya upi, yenye pamba iliyokaaje.

Wapo wanaokwenda upande wa pili, wa kupunguza omu badala ya kupandisha volti, na hapo kazi hugeuka hatari. Koili ya omu 0.15 kwenye betri iliyojaa, ndani ya bomba la chuma lisilo na chipu ya kulinda, hudai ampea 28. Betri nyingi za kawaida hazikutengenezwa kutoa hivyo. Mwaka 2018 mtu alifariki Florida baada ya kifaa chake kulipuka. Fundi wa kweli akiletewa bomba kama hilo huuliza habari za betri kabla ya kuuliza habari za ladha, na asiporidhika hulirudisha kwa mwenyewe.

Kuhusu koili za mapambo nina maoni ambayo hayatanipatia marafiki. Kuna waya mwembamba uliozungushiwa juu ya mnene, kama uzi wa besi wa gitaa, ndiyo sababu koili hiyo ikapewa jina la mpiga gitaa Eric Clapton. Kuna zilizosukwa, kuna zenye mawimbi. Baadhi ni nzuri kuliko bangili. Zinashika kimiminika kingi katika mifereji yake, hilo ni kweli, lakini ni chuma kingi mno kwa pumzi ya mtu wa kawaida, nazo hula betri bila huruma. Mizunguko sita iliyolala sawa ya waya mtupu inanitosha. Ufundi wake hauna pa kujificha.

Wala koili kama hiyo haiishi haraka. Vimiminika vitamu vina sukralozi, ambayo huungua na kuacha gamba jeusi juu ya waya, na wenye vichwa vya kununua huvitupa hapo. Fundi anatoa pamba, anawasha koili tupu kwa volti za chini mpaka gamba liwe majivu, anaisugua kwa brashi ndogo, anaisuuza na kuikausha. Kisha anairudisha kwenye kioo kusoma omu. Ikiwa bado ni 1.3, anakata pamba nyingine. Ikiwa namba inacheza, anaanza na skrubu.