Kipimo Kiitwacho King Crimson

Bendi changa ikitoa wimbo wa dakika kumi wenye mapigo yasiyogawanyika kwa mbili, haupiti muda kabla mtu hajasema: hawa ndio King Crimson wa leo. Tool wamesemwa hivyo, Porcupine Tree wamesemwa hivyo, Opeth na The Mars Volta nao, na karibuni vijana wa London waliojiita black midi. Mashabiki wa zamani nao wana ligi yao: Yes walikuwa mafundi zaidi, Genesis walijua kusimulia, Van der Graaf Generator walikuwa wakali kuliko wote. Ubishi huo hauishi. Mara nyingi pia haufiki popote, kwa kuwa wabishi hulinganisha mavazi: urefu wa nyimbo, kinanda kinacholia kama okestra, gitaa lenye hasira, jalada la kutisha. Mavazi yanapatikana dukani.

Mimi nina kipimo changu, na nimekitoa katika wimbo wa King Crimson wenyewe, uliotoka 1974, ambao mpiga dramu wake hakupiga hata pigo moja.

Wimbo wenyewe unaitwa "Trio", umo katika albamu Starless and Bible Black. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ilinaswa jukwaani, kisha makofi ya watazamaji yakafutwa. "Trio" ilizaliwa papo kwa papo Amsterdam, Novemba 1973, bila chochote kuandaliwa. Fidla ya David Cross inatembea polepole, besi ya John Wetton inaitikia kwa sauti ya chini, na Robert Fripp ameweka gitaa kando anabonyeza kinanda. Bill Bruford yuko nyuma ya dramu zake, vijiti mkononi, anatafuta pa kuingilia. Anasikiliza. Anaona hapana haja. Muziki unakwisha hajagusa kitu, na kanda ilipogeuzwa kuwa wimbo wa albamu, wenzake walimwandika miongoni mwa watunzi wanne, sawa na wao. Kujizuia kwake kulihesabiwa kuwa kazi. Katika roki ya progresivu, ambako kila mtu alikuwa akigombea nafasi ya kuonyesha vidole vyake, sijui uamuzi mwingine wa kifundi unaonivutia kama huo.

Bruford alikuwa ametoka Yes. Aliondoka 1972, mara tu Close to the Edge ilipokamilika, wakati bendi ile ikiwa njiani kujaza viwanja. Watu walimshangaa. Lakini ukizisikiliza bendi hizo mbili moja baada ya nyingine unaanza kumwelewa. Yes ni ufundi wa kujaza. Besi ya Chris Squire inasema kama gitaa la pili, Steve Howe anasema juu yake, Rick Wakeman amezungukwa na vinanda, na juu ya yote sauti tatu zinaimba pamoja. Dakika 18 za wimbo uliobeba jina la albamu ile zimejengwa vizuri ajabu, na ninazipenda. Ila ni nyumba isiyo na chumba kitupu. Genesis wa 1972 ni kitu kingine: katika "Supper's Ready", dakika kama 23, ufundi wote unaitumikia hadithi, na Peter Gabriel anabadilisha sura na mavazi huku wapigaji wakimfuata kama watu wa taa na pazia. Emerson, Lake & Palmer nitawapita haraka. Vidole walikuwa navyo.

Tatizo la kuwafanya King Crimson kuwa kipimo ni kwamba lazima kwanza uulize ni King Crimson ipi. Kuanzia 1969 hadi 2021 mtu pekee aliyekuwamo katika kila kikosi ni Fripp, yule bwana anayepiga gitaa akiwa ameketi kwenye kigoda kama anayesahihisha daftari. Kikosi kikivunjika, sauti nayo ilikwenda nacho. Bendi nyingine zikiungana tena hurudi kuuza nyimbo za ujana wao. Hii ilirudi mara kadhaa ikiwa bendi nyingine kabisa yenye jina lile lile.

Kikosi cha kwanza kilianza mazoezi Januari 1969, chini ya mkahawa mmoja London. Tarehe 5 Julai mwaka huo huo kilikuwa Hyde Park kikifungua onyesho la Rolling Stones mbele ya mamia ya maelfu ya watu, na Oktoba ikatoka In the Court of the Crimson King. Wanaoiga King Crimson wengi huiga albamu hiyo, hasa ile sauti ya okestra inayofurika katika wimbo wa mwisho. Hapakuwa na okestra. Palikuwa na Mellotron, kinanda kilichotengenezwa Birmingham, ambacho ndani yake kila kibonye kina utepe wake wa kanda uliorekodiwa fidla au filimbi. Ukibonyeza, utepe unapita kwenye kichwa cha kusomea. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Utepe una urefu wa sekunde 8 hivi. Zikipita, sauti inakatika hata kama kidole bado kiko pale. Kwa hiyo utukufu ule wote unategemea mtu, Ian McDonald, anayejua ni wakati gani wa kuachia kibonye hiki na kukamata kingine kabla pengo halijasikika. Leo kompyuta ndogo inatoa sauti ile ile bila kikomo, na nadhani ndiyo sababu bendi nyingi za sasa zikiitumia huilaza juu ya wimbo mzima kama busati. Anayejua kwamba sauti yake itakufa baada ya sekunde 8 huitumia kwa adabu nyingine.

Kikosi hicho hakikumaliza mwaka. Ziara ya Marekani ilipokuwa ikielekea ukingoni Desemba, McDonald na mpiga dramu Michael Giles walikwisha amua kuondoka.

Ninakokaa zaidi ni Red, ya 1974, iliyotoka baada ya Fripp kuivunja bendi. Wamebaki watatu, na wageni wachache wa kupuliza. Wimbo wa mwisho, "Starless", una dakika 12, na katikati yake kuna kipande ambacho ningemfanya kila mpiga gitaa chipukizi akae nacho wiki nzima. Kuimba kumekwisha. Besi inaanza kuzunguka katika mapigo 13, nzito, bila haraka. Fripp anapiga nota moja. Anairudia. Anairudia tena, kwenye uzi mmoja kisha mwingine, nota ile ile, na besi chini yake inapohama ndipo naye anapanda kidogo tu na kuanza kurudia nota mpya. Ni mtu mwenye uwezo wa kupiga nota nyingi kwa sekunde kuliko wengi wa zama zake, na kwa dakika kadhaa anajinyima zote. Bruford anaanza kwa kugongagonga pembeni, vitu vidogo vidogo vya mbao na chuma, ukidhani kuna mtu anapanga vyombo jikoni. Kisha dramu zinaingia kidogo kidogo, sauti inapanda, gitaa linakuwa chafu zaidi, na nota bado ni moja. Saksafoni zinapolipuka, msikilizaji amekwisha kaza mwili bila kujua. Mlipuko huo umelipiwa pole pole, senti kwa senti.

Miaka 7 baadaye Fripp alirudi na Bruford, pamoja na Wamarekani wawili: Adrian Belew, aliyekuwa ametoka kupiga na Talking Heads, na Tony Levin mwenye Chapman Stick, ala ya nyuzi nyingi inayogongwa kwa vidole vya mikono yote miwili. Albamu ni Discipline, 1981. Mellotron haimo. Bruford alitakiwa kuyaacha matoazi karibu yote, jambo ambalo kwa mpiga dramu wa roki ni kama kumnyima mwandishi nukta na mkato, na ilimlazimu kutafuta njia nyingine ya kuonyesha wapi sentensi inaishia.

Sikiliza "Frame by Frame". Magitaa mawili yanaanza pamoja, kifungu cha nota 7, kinazunguka. Halafu moja linaendelea hivyo hivyo, na lingine, kila baada ya mizunguko miwili, linapunguza nota moja: badala ya 14 linapiga 13. Mwanzoni sikio linaona kama kuna aliyeteleza. Kisha linaanza kusikia mwangwi, nota ile ile mara mbili, ya pili ikichelewa kidogo zaidi kila raundi, mpaka magitaa yako mbali na kila moja liko peke yake. Hesabu inasema vifungu 13 vya nota 7 ni sawa na vifungu 7 vya nota 13, yaani 91, kwa hiyo yasiposimama yatakutana tena. Aliyekulia na muziki wa dansi, anayejua jinsi gitaa la solo na la rhythm yanavyovaana, atalitambua jambo hili haraka kuliko shabiki wa roki wa Ulaya; tofauti ni kwamba dansini magitaa hukutana kila mzunguko ili watu wacheze, na hapa yanaachana makusudi. Kuyapiga kunahitaji wawili ambao kila mmoja anamsikia mwenzake kikamilifu na wakati huo huo anakataa kumfuata.

Sasa turudi kwa wanaolinganishwa. Tool ndio wanaotajwa zaidi, na si kwa uvumi tu: Agosti 2001 King Crimson waliwafungulia maonyesho kadhaa Marekani, mwaka ule ule Tool walipotoa albamu Lateralus, ambayo wimbo wake wenye jina hilo hilo una silabi zilizopangwa kwa namba za Fibonacci na mapigo yanayopita 9, 8, kisha 7. Subira wanayo. Kati ya albamu yao ya 2006 na ya 2019 walikaa miaka 13, na mpiga gitaa wao Adam Jones anaweza kukaa kwenye kifungu kimoja mpaka kianze kupumua. Wanachokosa, kwa sikio langu, ni hatari. Tool hupiga kitu walichokipiga msasa mpaka hakuna kona. King Crimson wa 1973 walipanda jukwaani wakiwa na sehemu nzima za onyesho zisizo na mpango, na "Trio" isingezaliwa kwa njia nyingine.

Porcupine Tree wako karibu kwa damu. Kiongozi wao, Steven Wilson, ndiye aliyechanganya upya albamu za King Crimson, na mpiga dramu wake Gavin Harrison aliingia King Crimson yenyewe. Lakini Wilson ni mpenda usafi, na usafi wake wakati mwingine unanichosha. Dream Theater walirekodi wimbo wa King Crimson, "Larks' Tongues in Aspic, Part Two", mwaka 2009, na siwezi kuonyesha nota iliyopotea. Iko sawa kabisa, kama mtihani uliopata mia. Black midi ndio walionipa matumaini: katika Schlagenheim, 2019, kuna ule wazimu wa watu wasiojua dakika ijayo italeta nini. Walijua kuanguka pamoja na kusimama pamoja. Kunyamaza walikuwa bado wanajifunza, na walipoacha kupiga pamoja walikuwa bado vijana.

Ajabu ni kwamba hata kikosi cha mwisho cha King Crimson, kilichoanza 2014, kilipewa mtihani ule ule wa kujizuia, safari hii ukiwa mgumu zaidi. Kilikuwa na wapiga dramu watatu, wamewekwa mbele ya jukwaa, na wengine wote nyuma yao. Kwa kawaida dramu tatu ni kelele mara tatu. Harrison aliwagawia sehemu hivi kwamba pigo linaanzia kwa mmoja, linapita kwa wa pili, linamalizikia kwa wa tatu, na kila mmoja anapiga pungufu ya ambavyo angepiga akiwa peke yake. Walimaliza Tokyo tarehe 8 Desemba 2021.

Mwaka 2024 Belew na Levin walianzisha bendi iitwayo BEAT ili kuzirudisha nyimbo za miaka ya 1980. Kwenye dramu, mahali pa Bruford, wakamweka Danny Carey wa Tool, na hapo ubishi wa nani anafanana na nani ukapata mahali pa kujaribiwa kwa mikono. Nafasi ya Fripp ilikwenda kwa Steve Vai. Huyu ni mtu ambaye jina lake lote limejengwa juu ya gitaa linaloruka, linalocheka, linalopiga kelele mbele ya kila mtu, na sasa kila usiku alikuwa na kifungu cha nota 7 cha kuzungusha, Belew akiwa ubavuni mwake, bila ruhusa ya kuongeza hata moja.