Kwa Nini Bastola Haimkatai Mzee

Chandro Tomar alikuwa amevuka miaka 60 aliposhika bastola kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Johri, jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, naye alifika kwenye klabu ya kulenga shabaha akimsindikiza mjukuu wake. Hadi anafariki mwezi Aprili 2021 kwa Uviko-19 alikuwa ameshinda mashindano mengi ya wazee, Prakashi Tomar, aliyeolewa katika ukoo huohuo, alikuwa amemfuata kwenye mchezo, na filamu ya Kihindi, Saand Ki Aankh ya mwaka 2019, ilikuwa imetengenezwa juu yao wawili. Habari zake huelezwa kama kisa cha ujasiri: bibi aliyeziba masikio asisikie vicheko vya kijiji. Ujasiri ulikuwepo, sina ubishi, ila haututoshi kueleza jinsi risasi zilivyofika katikati ya shabaha. Bibi jasiri wa miaka 65 akiingizwa kwenye mbio za mita 400 atabaki na ujasiri wake na atamaliza wa mwisho. Maelezo yanapaswa kutafutwa ndani ya mchezo wenyewe. Hoja yangu ni kwamba ulengaji wa bastola, na hasa bastola ya hewa ya mita 10, huadhibu vikali zaidi makosa ambayo umri hauyaleti kuliko yale unayoyaleta.

Tuanze na vipimo, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba hoja. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, bila kuegemea kitu, na kushika bastola kwa mkono mmoja. Bastola yenyewe haipaswi kuzidi gramu 1,500, triga yake haipaswi kukubali kwa uzito ulio chini ya gramu 500, na kirisasi chake kina kipenyo cha milimita 4.5. Duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, na kila duara linalofuata linaongeza milimita 8 kwenye nusu kipenyo. Kirisasi kikigusa tu mstari wa duara, alama ya juu inahesabiwa, kwa hiyo kitovu cha tundu kinaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na bado ukaandikiwa kumi. Juu ya bastola kuna jino la mbele na pengo la nyuma, na kati yake kuna takriban milimita 320. Kulenga ni kuliweka jino katikati ya pengo, vilele vikiwa sawa, kisha kuupeleka mpangilio huo chini kidogo ya duara jeusi la shabaha.

Sasa tazama kinachotokea kosa likiingia. Kifundo cha mkono kikipinda kidogo kiasi kwamba jino linahama milimita moja tu ndani ya pengo, bastola inatazama kwingine kwa pembe inayofikisha kirisasi karibu milimita 31 kutoka pale kilipotakiwa, nayo hiyo ni alama ya 7. Lakini mkono mzima ukiyumba kutoka begani kwa milimita hiyohiyo moja, jino likabaki katikati ya pengo mbele ya jicho, kirisasi huhama kama milimita 10 tu, kwa kuwa sasa kipimo cha pembe si urefu mfupi wa bastola bali umbali wa karibu mita nzima kutoka jichoni. Hiyo ni 9. Kosa la kifundo ni ghali mara tatu kuliko kosa la bega. Kuna tofauti nyingine, na naiona kubwa zaidi ya hiyo. Mtikisiko wa mkono huenda huku na huku kuizunguka nukta ya katikati: anayeyumba milimita mbili kila upande, akifyatua bila kuivuruga bastola, risasi yake mbaya kabisa ni ya 8 na nyingi zitakuwa bora kuliko hiyo. Kosa la kuinyakua triga halizunguki. Linatokea palepale mtu anapoamua "sasa!", kila mara, na husukuma mdomo wa bastola upande uleule, kwa kawaida chini na kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Mtikisiko humpunguzia mlengaji alama moja moja, ilhali kunyakua triga kunaweza kumfutia tatu au nne kwa mkupuo.

Mwanafunzi mpya, awe na miaka 20 au 70, huinyakua triga kwa sababu hiyohiyo: anaona jino likipita mahali pazuri na anataka kuiwahi nafasi. Dawa inayojulikana ni kumwondolea shabaha. Anageuziwa karatasi upande mweupe, au anasimamishwa mbele ya ukuta mtupu na bastola isiyo na risasi, kisha anaachwa afanye jambo moja: kuongeza uzito kwenye triga polepole huku akilitazama jino lisitoke katikati ya pengo, hadi mlio umjie bila yeye kuuita. Zoezi hili halidai misuli ya ujana wala mapafu ya mkimbiaji. Linadai mtu akubali kurudia kitu kimoja kisicho na tuzo yoyote ya papo kwa papo, na akubali kwamba mtikisiko wake ni halali. Vijana wengi hulikimbia mapema. Sisemi kwamba kila mzee ana subira, kwani wapo wazee wenye papara kuliko wajukuu wao, lakini hakuna kitu katika zoezi hilo ambacho kimeondoka mwilini kwa sababu ya miaka.

Kitu ambacho hakika kimeondoka ni jicho la karibu. Kuanzia miaka ya arobaini hivi lenzi ya jicho hukakamaa, nayo hupoteza uwezo wa kujibadili kutoka mbali kwenda karibu, na jino la bastola limekaa mahali pagumu, kama mita moja hivi kutoka jichoni. Hapa ndipo wazee wengi hukata tamaa bila sababu. Wanavaa miwani ya kusomea, ambayo ikiwa na nguvu ya dayopta mbili hukazia sentimita 50, hivyo jino linakuwa ukungu na shabaha inakuwa ukungu zaidi. Au wanavaa miwani yenye sehemu mbili na kuinamisha kichwa kutafuta sehemu ya chini, shingo ikakaza na mwili mzima ukavurugika. Suluhisho ni la mpima macho: kipimo cha mtu cha kuona mbali, na juu yake nyongeza ya kati ya nusu na robo tatu ya dayopta. Kwa nyongeza hiyo jicho lililotulia linakaa kati ya jino na shabaha, jino likawa na kingo kali na shabaha ikabaki duara laini la kijivu. Wengine huongeza kitundu kidogo mbele ya lenzi ili kupanua eneo linaloonekana vizuri. Na ukungu wa shabaha haudhuru. Kwa hesabu tuliyoifanya juu, kuliona jino vizuri kuna thamani mara tatu ya kuiona shabaha vizuri, na kijana mwenye macho makali ana kishawishi ambacho mzee hana: anaweza kurukisha jicho kwenda kwenye shabaha wakati wowote, na mara nyingi hurukisha dakika ambayo hakupaswa.

Msomaji makini atasema nimechagua mfano mmoja unaonifaa. Kwa kweli tatizo ni kinyume chake, kwamba mifano ni mingi na mingi haifai. Yusuf Dikeç wa Uturuki, yule aliyesambaa duniani mwaka 2024 kwa picha ya miwani ya kawaida na mkono mfukoni, alipata fedha ya timu mchanganyiko kwenye Olimpiki ya Paris pamoja na Şevval İlayda Tarhan akiwa na miaka 51. Hata hivyo alianza mwaka 2001, akiwa askari wa miaka 28. Nino Salukvadze wa Georgia alishiriki Olimpiki yake ya 10 huko Paris akiwa na miaka 55, lakini dhahabu yake ya Olimpiki ni ya Seoul, 1988. Afanasijs Kuzmins wa Latvia alisimama kwenye mstari wa London mwaka 2012 akiwa na miaka 65, naye pia ni bingwa wa Seoul. Hawa wanathibitisha kwamba ustadi huu hudumu. Hawathibitishi kwamba unaweza kuanzwa ukubwani. Ushahidi wa kuanza ni mwembamba zaidi, ila upo. Károly Takács, askari wa jeshi la Hungaria, aliharibiwa mkono wa kulia na bomu la kutupa mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto ambao haukuwa na mazoea yoyote, akatwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948 akiwa na miaka 38 na tena mwaka 1952 akiwa na 42. Javad Foroughi, muuguzi wa Iran aliyeingia kwenye mchezo ukubwani, alishinda dhahabu ya bastola ya hewa Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 41, kwa alama 244.8 za fainali. Kati ya 41 ya Foroughi na sitini na zaidi ya bibi wa Johri kuna nafasi kubwa, na sitajifanya kwamba imejazwa na mabingwa.

Pingamizi zito zaidi ni la bega. Bastola ya mashindano ina uzito wa karibu kilo moja, nayo inashikwa mwishoni mwa mkono ulionyooka, na raundi ya mchujo ina risasi 60. Kano za bega la mzee huwa zimechakaa, na mtikisiko wake ni mpana kidogo kuliko wa kijana. Haya ni kweli. Inasimuliwa kwamba Chandro Tomar alifanya mazoezi nyumbani kwa kunyoosha mkono akiwa ameshika jagi la maji, na mbinu hiyo, ingawa inaonekana ya kijijini, ni sahihi kabisa: uzito mdogo, mkao ule wa mchezo, muda unaoongezwa kidogo kidogo. Kocha mwenye chuma cha kisasa angempa kitu kilekile kwa bei kubwa zaidi. Wajerumani wamelijibu swali hili kwa njia nyingine. Katika vilabu vyao kuna mashindano ya wazee ambapo bastola huwekwa juu ya egemeo, bega likapumzika. Kuna wanaoyabeza kwamba ni mchezo wa nusu. Mimi nayaona kama jaribio la kitaalamu lililofanyika bila kukusudiwa, maana washiriki wote wamepewa utulivu uleule, na bado kuna mshindi na wa mwisho, huku alama zikipanda hadi kuhesabiwa kwa desimali ili kuwatofautisha. Kinachowatofautisha hapo, pamoja na jicho, ni kidole kwenye triga.

Kanuni za muda nazo zinamsaidia mzee. Risasi 60 hupewa dakika 75, yaani sekunde 75 kwa kila moja, wakati mlio mzuri huhitaji chini ya sekunde kumi tangu mkono utulie. Muda unaobaki ni wa kukataa. Mlengaji anayeona sekunde zimempita, jino linaanza kucheza, anaruhusiwa kushusha mkono, kupumua na kuanza tena bila kupoteza chochote. Kushusha mkono ni uamuzi mgumu kuliko kufyatua, na walimu wengi huufundisha kwa kuchelewa mno. Lakini fainali haina ukarimu huo: katika kanuni zilizotumika Paris, risasi zilizopigwa moja moja zilipewa sekunde 50 kila moja chini ya amri ya mwamuzi, wa mwisho akatolewa. Hapo ndipo hoja yangu inapofika kikomo chake. Jin Jong-oh wa Korea Kusini aliwahi kupata 594 kati ya 600 mwaka 2009, wastani wa 9.9, na kiwango hicho hujengwa kwa miaka mingi ya maelfu ya risasi ambazo bega la miaka 65 haliwezi kuzibeba. Anayeanza uzeeni apige hesabu ya 540, wastani wa 9 kwa kila risasi. Hiyo ni alama ya heshima katika klabu yoyote, na tumeona kwamba mtikisiko wa milimita mbili hauizuii.

Limebaki jambo ambalo makocha hulisahau kwa kuwa wanafunzi wao wengi ni vijana. Mzee huja na shinikizo la damu, na huja na vidonge. Dawa za kundi la propranolol na atenolol hupunguza mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, na kwa sababu hiyo WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, imezipiga marufuku katika ulengaji shabaha, wakati wa mashindano na nje yake. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za bastola za Beijing, mwaka 2008, kwa propranolol. Hydrochlorothiazide, kidonge cha kukojoza ambacho wagonjwa wengi wa presha wanakifahamu, kimekatazwa katika michezo yote kwa kuwa kinaweza kuficha dawa nyingine. Amlodipine haimo kwenye orodha. Kibali cha matibabu huweza kuombwa, lakini mwombaji lazima aonyeshe kwamba dawa haimpi faida zaidi ya kumrudishia afya ya kawaida, na katika mchezo ambao mkono uliotulia ni alama, hilo ni gumu kulithibitisha. Kubadili kidonge ni kazi ya daktari peke yake, tena huchukua wiki kadhaa kabla presha kutulia upya, kwa hiyo mazungumzo hayo yanapaswa kutangulia fomu ya kujiunga na mashindano yoyote yanayofuata kanuni za WADA. Yeyote ambaye moyo wake unaihitaji atenolol aendelee kuimeza, na ukuta mtupu wa mazoezi bado uko wazi kwake.