"Joto" na "Geu": Uhakiki wa Istilahi za Miamba kwa Mifano ya Busia na Malaba

Istilahi ya kisayansi hupimwa kwa mambo mawili: iafikiane na muundo wa lugha, na isimpotoshe mwenye kuitumia. Istilahi za Kiswahili zinazohusu miamba iliyobadilishwa na joto la gamba la dunia zina upungufu katika yote mawili, na eneo la Busia na Malaba, upande wa Kenya, ladhihirisha upungufu huo.

Kwanza ni neno "joto". Busia ni nchi ya jua kali, na wakazi wake hawakosei wasemapo kwamba kwao kuna joto. Lakini gamba la dunia lililo chini yao, kwenye ukingo wa kaskazini wa kratoni ya Tanzania, lina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, nalo limekwisha poa. Mtiririko wa joto katika kratoni hiyo ni mdogo kuliko wastani wa mabara, ambao ni miliwati 65 hivi kwa kila mita ya mraba. Kinyume chake, huko Olkaria, karibu na Naivasha, hewa ni ya baridi kuliko ya Busia, ilhali ardhini mna mvuke uliotumika kuzalisha umeme tangu mwaka 1981. Mwandishi akisema tu "eneo la joto", ni lipi kati ya hayo mawili? Dawa ipo: "halijoto" iwe kipimo cha digrii, "joto" liwe nishati yenyewe, na "mtiririko wa joto" uwe kiasi cha nishati kinachopita katika eneo fulani kwa muda fulani.

Pili ni uteuzi wa kitenzi. Kusema kwamba miamba ya namna hii "iliyeyuka" au "iliungua" ni kosa. Lava na mashapo ya kale ya Busia yaligeuka yakiwa yabisi. Madini yake yakawa mengine, kama kloriti yenye rangi ya kijani. Hata katika milima ya Pare na Usambara, ambako miaka milioni 640 hivi iliyopita halijoto ilifikia digrii 800 za Selsiasi, sehemu kubwa ya miamba haikuyeyuka. Kiswahili hakikupungukiwa hapa. Katika tanuri la wahunzi wa Samia, walioyeyusha mawe ya chuma ya vilima vyao, takataka za mawe ziliyeyuka na kutiririka. Chungu cha mfinyanzi huiva pasipo kuyeyuka. "Kuiva" kunaukaribia ukweli zaidi. Hata hivyo mfano huu una mpaka: chungu huiva kwa muda mfupi, lakini mwamba hugeuka kwa mamilioni ya miaka, chini ya uzito wa kilomita nyingi za miamba, na sehemu ya joto lake hutokana na kuoza kwa urani, thori na potasi zilizomo humo humo.

Tatu ni istilahi "miamba geu". Kiambishi -u huleta maana mbili: hali iliyokwisha tokea, kama katika "-pungufu", na tabia, kama katika "-sahaulifu". Kwa kuwa msemaji wa Kiswahili hulijua shina hili hasa katika "kigeugeu", maana ya tabia hutangulia, na mwamba huonekana kuwa ni kitu kisichotulia, badala ya kitu kilichokwisha geuka. Tena "geu" hapa halichukui upatanisho, tofauti na "-pungufu". "Miamba iliyogeuka" ni ndefu zaidi, lakini haina utata, nayo hufuata sarufi.

Mjadala huu si wa wanaisimu peke yao. Busia kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na Kiswahili, ambacho Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ndicho kinachowaunganisha Wateso, Wasamia na Wakhayo na wageni wanaopita Malaba. Mchimbaji aelezwaye miamba yake kwa istilahi tatanishi hunyimwa maarifa yanayohusu riziki yake. Kwa hiyo waundao istilahi hawana budi kumshauri mwanajiolojia kabla ya kuziidhinisha, naye mwanajiolojia asidhani kwamba sarufi ni jambo la pembeni.