Pointi Zitatoka Wapi Msimu Ujao? Mashambulizi ya Connecticut Kabla na Baada ya Hasheem Thabeet

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, ambako mchezaji huruhusiwa kushindana kwa misimu minne na wenye vipaji vikubwa huondoka kabla ya kuimaliza, kila kocha hulazimika kujiuliza mapema pointi za msimu unaokuja zitatoka wapi. Jibu la haraka hutafutwa kwenye jedwali la wastani: wafungaji wanaobaki hujumlishwa, wanaoondoka hutolewa, na tofauti inayopatikana huitwa matarajio ya timu. Historia ya timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kwa jina la UConn, kati ya mwaka 2008 na 2011 inaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyoweza kupotosha. Kwa msomaji wa Tanzania mfano huo una uzito wa pekee, kwa kuwa katikati yake alisimama Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyepita Makongo, akahamia sekondari ya Houston na hatimaye akasajiliwa na kocha Jim Calhoun mwaka 2006.

Kabla ya kuichambua timu hiyo ni vyema kueleza kipimo kinachotumika. Wachambuzi wa kikapu hawapimi mashambulizi kwa jumla ya pointi za mchezo, kwa sababu timu inayokimbia hupata nafasi nyingi kuliko timu inayotembea. Hupima pointi zinazopatikana katika kila zamu, yaani kipindi ambacho timu moja inamiliki mpira mpaka inapofunga, inapoupoteza au wapinzani wanapoudaka baada ya kukosa. Idadi ya zamu hukadiriwa kwa kuchukua mitupo yote ya uwanjani, kutoa ribaundi za mashambulizi, kuongeza mipira iliyopotezwa, kisha kuongeza karibu nusu ya mitupo huru, kwa kuwa mara nyingi mitupo huru miwili hutumia zamu moja. Dean Oliver, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu takwimu za kikapu, alieleza kwamba mavuno ya zamu hutegemea mambo manne: usahihi wa mitupo, uchache wa mipira inayopotezwa, ribaundi za mashambulizi na mitupo huru. Ribaundi ya mashambulizi ni ule mpira unaorudi kutoka kwenye ubao au ringi ukadakwa na timu ileile iliyourusha, na kwa hiyo huifufua zamu iliyokuwa inakufa.

Kwa kipimo hicho, UConn ya msimu wa 2008/09 ilikuwa na mashambulizi yaliyosawazishwa vizuri. A.J. Price, mchezaji namba moja, yaani mwongozaji anayepandisha mpira na kuanzisha mipango, alikuwa na wastani wa pointi 14.7, Thabeet, senta mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa na 13.6, Jeff Adrien, fowadi mwenye nguvu, naye alikuwa na 13.6, na Jerome Dyson, gadi mwenye kasi, alikuwa na 13.2. Mpinzani hakuwa na mtu mmoja wa kumfunga kamba ili timu nzima isimame. Hata hivyo, wastani huo unaokaribiana unaficha tofauti kubwa ya namna pointi hizo zilivyopatikana, kwa maana Price na Dyson walizitengeneza kwa mikono yao, ilhali sehemu kubwa ya pointi za Thabeet zilianzia mikononi mwa wengine.

Mfano mmoja wa kawaida wa zamu zao unafafanua jambo hilo. Price anapanda na mpira upande wa kulia, Thabeet anatoka chini ya kikapu na kusimama imara mbele ya mlinzi wa Price, tendo linaloitwa skrini, na Price anapita akiliacha bega la senta wake likimzuia anayemfuata. Mlinzi wa Thabeet sasa ana mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili yana gharama: akimkabili Price, Thabeet anageuka na kukimbilia ringi akiwa peke yake, akibaki na Thabeet, Price anapata njia ya kuingia au nafasi ya kurusha bila bughudha. Mlinzi wa tatu akiacha mtu wake ili kuziba pengo, pasi inakwenda pembeni kwa yule aliyeachwa. Pasi ya juu inapokwenda kwa Thabeet, hahitaji kudunda wala kugeuka. Anaudaka mpira mahali ambapo mlinzi wa kawaida hafiki, na kuuzamisha kwenye ringi. Na Price anapokosa, Thabeet na Adrien, ambao kila mmoja alikuwa na wastani wa ribaundi zisizopungua 10 katika mchezo, wako chini ya ubao kuisubiri nafasi ya pili.

Faida ya mpangilio huo inaonekana katika hesabu nyepesi. Msimu huo Thabeet alifunga asilimia 64 ya mitupo yake ya uwanjani, maana yake kila mtupo wake wa pointi mbili ulikuwa na thamani ya wastani wa pointi 1.28. Mrushaji wa pointi tatu angehitaji kufunga karibu asilimia 43 ili kuifikia thamani hiyo, kiwango ambacho ni wachache sana wanaweza kukidumisha msimu mzima. Kumchezea rafu nako hakukuwa na nafuu kubwa, kwa kuwa alifunga takribani asilimia 63 ya mitupo huru, na hivyo mitupo miwili ilimpa wastani wa pointi 1.26. Ikumbukwe pia kwamba kabla ya msimu huo mstari wa pointi tatu wa vyuo vya wanaume ulisogezwa nyuma, kutoka takribani mita 6.02 hadi mita 6.32, hatua iliyoufanya mtupo wa mbali kuwa mgumu zaidi na kuongeza thamani ya timu iliyoweza kufunga karibu na ringi.

Mpangilio huo ulikuwa na dosari, na Pittsburgh ndiyo iliyoifichua. Tarehe 16 Februari 2009, mjini Hartford, UConn iliyokuwa inaongoza orodha ya taifa ilifungwa 76 kwa 68, na DeJuan Blair, mwenye urefu wa takribani mita 2.01 tu, akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23, huku Thabeet akiambulia pointi 5. Blair hakujaribu kushindana naye hewani. Alishindana naye chini, kwa kumsukuma kwa kiuno na mapaja kabla mpira haujarushwa, mpaka senta huyo akajikuta amesimama mbali na mahali ambapo urefu wake ulikuwa na kazi. Senta anayetegemea kupokea mpira akiwa jirani na ringi hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake anapohamishwa hatua mbili tu. Dosari ya pili ilikuwa ya pasi: Thabeet hakufikisha wastani wa asisti moja kwa mchezo, asisti ikiwa ni pasi inayozaa kikapu moja kwa moja, na kwa sababu hiyo walinzi wawili walipomzingira, adhabu ambayo wangestahili kuipata kutoka kwa mrushaji aliyeachwa wazi haikuja mara kwa mara.

Pamoja na dosari hizo, timu ilimaliza msimu kwa ushindi 31 na vipigo 5, ikafika nusu fainali ya taifa licha ya kumpoteza Dyson kwa jeraha la goti mwezi Februari, na ikatolewa na Michigan State kwa 82 kwa 73 mjini Detroit. Miezi michache baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Price, Adrien na gadi Craig Austrie nao walimaliza muda wao chuoni.

Hapo ndipo swali la msimu ujao lilipozuka kwa uzito wake wote. Price, Thabeet na Adrien peke yao waliondoka na takribani pointi 42 kwa mchezo. Wafungaji wakuu waliobaki walikuwa Dyson, Stanley Robinson aliyekuwa na wastani wa 8.5, na Kemba Walker, gadi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa na 8.9. Mwenye kutegemea jedwali angesema kwamba vijana hao wakipewa nafasi zaidi wataongeza pointi, na utabiri huo ulitimia: Dyson alifika takribani 17, Walker 14.6 na Robinson 14.5, hivi kwamba watatu hao waliokuwa na jumla ya karibu pointi 31 walifikisha karibu 46. Kila mmoja alipanda, lakini timu ikaporomoka hadi ushindi 18 na vipigo 16, ikakosa mashindano makuu ya taifa na kuangukia yale ya daraja la pili.

Ni kweli kwamba Calhoun alikosa michezo kadhaa kuanzia Januari 2010 kwa sababu za kiafya na msaidizi wake George Blaney akashika usukani, na ni kweli pia kwamba ulinzi ulidhoofika bila Thabeet. Hata hivyo, kwa upande wa mashambulizi sababu kubwa ilikuwa ya kimuundo. Wakati wa Thabeet, Dyson na Walker waliingia chini ya kikapu huku senta wa mpinzani akiogopa kuacha mtu wake; baada ya hapo waliingia na kumkuta senta huyo akiwasubiri, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumfunga pingu. Mpinzani aliweza kurudi nyuma na kuwaachia mitupo ya mbali, na mitupo ya mbali ilikuwa udhaifu wa timu hiyo. Mkulima wa pamba wa mkoa wa Simiyu hakadirii mavuno kwa kutazama kilo za mwaka jana peke yake. Hutazama mbegu, mvua na udongo uliobaki. UConn ya 2009/10 ilibaki na wafungaji, ila mazingira yaliyozaa pointi zao yalikuwa yameondoka.

Msimu uliofuata unathibitisha hoja hiyo kwa upande wa pili. Dyson na Robinson waliondoka pia, na makocha wa ligi ya Big East waliitabiria UConn nafasi ya 10. Badala ya kutafuta senta mwingine wa mita 2.21, Calhoun aliyajenga mashambulizi juu ya Walker, akampa mpira katika takribani kila zamu na kumwekea skrini moja baada ya nyingine, huku Jeremy Lamb akisimama pembeni kama tishio la kurusha na Alex Oriakhi akifuata ribaundi. Chanzo cha hatari kilihama kutoka mwisho wa pasi kwenda mwanzo wake: walinzi wawili sasa walivutwa na mwongozaji mwenyewe, aliyekuwa na uwezo wa kurusha, kupenya au kugawa. Walker alimaliza na wastani wa pointi 23.5. Katika ligi timu ilishinda michezo 9 na kupoteza 9, kisha ikashinda michezo mitano kwa siku tano na kutwaa kombe la Big East, na tarehe 4 Aprili 2011 ikaifunga Butler 53 kwa 41 katika fainali ya taifa. Usiku huo UConn haikurusha vizuri, kwani ilifunga mitupo 19 kati ya 55. Lakini ilipata pointi 26 ndani ya eneo la rangi, yaani mstatili ulio chini ya kikapu, dhidi ya pointi 2 za Butler. Timu isiyokuwa tena na Thabeet ilitawala chini ya ringi kwa sababu ilikuwa imepata njia nyingine ya kufika huko.

Misimu hiyo mitatu inaonyesha kwamba matarajio ya mashambulizi husomwa kwa maswali matatu, kwa mfuatano huu: nani anaulazimisha ulinzi uhame kutoka mahali pake, nani anapeleka mpira mahali palipoachwa wazi, na nani anamalizia. Anayemalizia ndiye anayeonekana kwenye jedwali, naye huwa rahisi kuzibiwa nafasi kuliko wawili wa kwanza. Timu inayopoteza mtu wa swali la kwanza bila kupata mwingine itarudi nyuma hata wafungaji wake wote wakibaki.

Walimu wa michezo wa shule za Sola, Bariadi na nyingine za Simiyu zinazoandaa timu za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wanaweza kuutumia utaratibu huo bila kompyuta wala kamera. Kanuni za kimataifa zinazotumika nchini zinaipa timu sekunde 24 za kurusha, wakati vyuo vya Marekani enzi za Thabeet vilikuwa na sekunde 35, kwa hiyo muda wa kusahihisha pasi mbaya ni mfupi zaidi huku kwetu. Mwanafunzi mmoja wa akiba apewe daftari na aandike mambo matatu katika kila zamu: mtupo ulirushwa kutoka wapi, nani alitoa pasi ya mwisho, na nani alimvuta mlinzi wa pili. Baada ya michezo michache mwalimu atajua ni mwanafunzi gani wa kidato cha nne ambaye kuondoka kwake kutaiumiza timu, na anaweza kuwa mwenye pointi chache kuliko wenzake. Na pale anapopatikana kijana mrefu, afundishwe mapema kushika nafasi kwa miguu na kutoa pasi anapozingirwa, kwa sababu hayo mawili ndiyo yaliyomgharimu Thabeet, na yote mawili yanafundishika.