Kupima Gemu kwa Kidole Gumba

Siku nilipomwaga unga, barua niliyopewa ilikuwa na hesabu moja tu ya maana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa anayepunguzwa kazini malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Mimi nilikuwa nimetimiza sita. Siku 90. Nikaapa kuzitumia kujifunza kutengeneza gemu za simu, na kosa langu la kwanza likatangulia hata kompyuta kuwaka: nilikimbilia kutengeneza kabla sijajua gemu nzuri hutambuliwa vipi. Hapa Eldoret, mji uliolelewa na viwanda vya nguo, mtu mzima hulipindua shati na kuangalia mishono kabla ya kuuliza bei. Gemu nayo ina mishono, ila macho hayaioni. Kidole gumba ndicho kinachoijua.

Chukua gemu yoyote ya kuruka, bonyeza. Kwenye simu nyingi picha huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, kila mchoro ukichukua kama milisekunde 17. Mrukaji akichelewa michoro sita, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Saa ya ukutani haina habari nayo, lakini kidole kinayo. Na usitegemee mchezaji akwambie kwamba imechelewa. Atasema gemu ni nzito, au simu yake imezeeka, au atanyamaza na kuiweka chini.

Kisha tazama anavyoshuka. Fundi mchanga humpa mrukaji mvuto uleule akipanda na akishuka, kama tulivyofundishwa fizikia, na matokeo yake ni puto. Fundi aliyekomaa huongeza mvuto wakati wa kushuka, mrukaji akatua kama mguu wa mkimbiaji kwenye barabara ya vumbi kule Iten: umegusa, umeondoka. Huo ni uongo, na gemu nzuri imejaa uongo wa namna hiyo. Ninaoupenda zaidi ni ule wa ukingoni. Mchezaji amechelewa kidogo, miguu imeshapita ukingo, hewani hakuna kitu, naye ndiyo kwanza anabonyeza. Gemu mbaya humwacha aanguke kwa sababu sheria ni sheria. Gemu nzuri humsamehe kwa michoro kadhaa na kumruhusu aruke, kama yule mnyama wa katuni anayeendelea kukimbia hewani mpaka atazame chini. Asiyejua siri hii atadhani ni ustadi wake mwenyewe. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kazi ni nzuri, usitazame skrini. Mtazame anayecheza, hasa pale anapokufa. Akisema "aa, nimekosea", fundi ameshinda. Akisema "imenikataa", kuna mshono umeachia mahali, hata kama picha zinang'aa kama kioo.

Nikifika kwenye picha huwa nakosana na wenzangu. Tuna mazoea ya kupaka Ukenya juu ya gemu hafifu: matatu yenye michoro, bendera, mlima, basi tumemaliza. Waliotangulia walikuwa na udhuru. Wesley Kirinya alipotoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kumwona shujaa wa kwetu akitembea katika ulimwengu wa pande tatu kulikuwa tukio lenyewe. Na Nairobi X ya Andrew Kaggia, mwaka 2015, ilipoleta vita mpaka mitaa ya Nairobi, bado tulikuwa tunashangaa kujiona. Mshangao huo umekwisha. Leo naondoa rangi kwanza: badala ya boda weka kisanduku cheupe, badala ya shimo kisanduku cheusi. Kama visanduku havichezeki, hata boda haitachezeka. Alexey Pajitnov aliunda Tetris mjini Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta isiyoweza kuchora picha, vipande vyake vikiwa alama za maandishi tu. Na bao la Pwani lingali bao hata ukilichimba mchangani na kutumia kokoto: mashimo 32, kete 64.

Baada ya kidole kuna matatu. Gemu iliyopendeza kwenye kompyuta ya fundi, gizani, na vipokea sauti masikioni, haijapimwa. Panda nayo gari la Kapsoya ukiwa na simu ya bei nafuu, mkono mmoja umeshika chuma. Je, kidole gumba kinafika kila kitufe? Eldoret tuko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari na jua la saa sita halina huruma: je, kijivu juu ya kijivu kinaonekana? Mwombe mtu akupigie simu katikati ya mchezo, ongea kidogo, kata. Ukirudi ukakuta umeanza upya, au umeshakufa wakati ukisalimiana na shangazi, aliyeitengeneza hajui watu wanaishi vipi. Angalia pia imekula megabaiti ngapi. Bando ni pesa, na mwenye simu iliyojaa atafuta gemu yako kabla ya kugusa picha za arusi.

Kuhusu shule za kufundisha kazi hii sina mengi. Usiulize cheti, omba kuonyeshwa gemu tatu za wanafunzi waliomaliza, mkononi mwako, si kwenye projekta. Zitafute zile alama za ukamilifu ambazo hakuna anayezisifu: inaweza kusimamishwa, sauti inaweza kuzimwa, ukishindwa unarudi kwa mguso mmoja. Gemu isiyojua kusimama haijaisha, na fundi asiyemaliza ana maonyesho tu, hana kazi ya kuonyesha anakoomba ajira. Vifaa si kisingizio. Nilijifunzia Godot, programu ya kutengenezea gemu ambayo ni ya bure na haidai fungu hata gemu ikiuza. Akaunti ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja. Kigumu ni watu. Mwenye akaunti mpya ya binafsi hutakiwa kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo, na wengi huwajaza ndugu wanaoipakua na kuisahau. Ni hasara. Ndugu atakwambia iko sawa. Tafuta mtu asiyekudai wala kukuogopa.

Wangu alikuwa binti wa jirani, kidato cha pili, nilimkuta kwenye kibanda cha chipsi akisubiri oda. Ilikuwa siku ya 31. Gemu yangu ilikuwa boda iliyobeba gunia la mahindi kutoka Langas, ikiruka mashimo na matuta hadi mjini. Alicheza kama sekunde kumi na moja.

"Anko, hii boda ni nzito."

Nikaanza kumweleza habari za simu yake.

Usiku nikairekodi skrini kwa simu nyingine, nikahesabu mchoro baada ya mchoro. Tangu kidole kiguse mpaka gurudumu liache lami: michoro tisa, yaani milisekunde 150. Nilimjua mwizi papo hapo. Nilikuwa nimemchora dereva akikunja magoti kabla ya kuruka, mkunjo ambao nilikuwa nimeukeshea usiku mbili na kuuona ndio urembo wa gemu nzima. Michoro minane ilikuwa ya urembo huo. Niliukata, nikauhamishia kwenye kutua, ambako hakuna anayesubiri kitu, na pale ukawa mzuri zaidi: gunia linashuka, magoti yanakunjika, vumbi linatoka. Sikugusa kitu kingine isipokuwa kuongeza mvuto wa kushuka na msamaha kidogo ukingoni.

Siku ya 40 nilimpa tena palepale, safari hii nikafunga mdomo. Alianguka kwenye shimo la tatu, akajisonya mwenyewe, akaanza upya. Akaanguka. Akaanza upya. Mwenye kibanda aliita oda yake mara mbili, chipsi zikawa zinapoa juu ya kaunta. Mimi nilikuwa nimesimama nikijifanya nasoma bei ukutani.

"Anko," akasema bila kuinua uso, "uko na chaja?"